Eti Mungu hapaswi kusumbuliwa kwa mambo madogo?

Wapo Wakristo wanaodhani Mungu ni wa mambo makubwa tu: ibada, mkesha, msiba. Kumwambia habari za kodi ya nyumba au mboga ya jioni, eti ni kumsumbua. Injili hazisemi hivyo. Soma Yohana 21: Yesu amefufuka, wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Kwa neno lake wanatupa jarife tena, wanalikokota hadi pwani likiwa na samaki 153, na huko wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Hakuanza na mahubiri. Aliwaita wafungue kinywa. Maswali mazito kwa Petro yalisubiri washibe. Ila ukaribu huo si kinga ya mateso: baada ya kula, Petro alidokezewa kifo chake.