Juisi si tunda, jamani

Likizo ya Juni ikifika tu, najua nitaulizwa nini kliniki: "Dokta, mtoto hali. Naomba dawa ya hamu ya kula." (Mimi ni afisa lishe, si daktari, ila Dar ukishavaa koti jeupe basi tena.) Nauliza anakunywa nini kutwa. Hapo mama anakaa sawa kwenye kiti: "Juisi tu, dokta. Soda simpi kabisa. Huyu matunda ni kila siku."

Jamani. Juisi si matunda.

Tuanze na ya boksi, maana hiyo haina mjadala mrefu. Geuza nyuma usome. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukikuta maji, halafu sukari, halafu ndiyo embe, hayo ni maji ya sukari yaliyopitia jirani na mwembe. Sasa tazama sukari kwa kila mililita 100: nyingi zina gramu 10 hadi 12. Boksi la mililita 250 basi lina gramu 25 hadi 30, yaani vijiko vya chai sita au saba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5. Kwa mtoto wa darasa la pili anayehitaji kilokalori kama 1,500, hiyo asilimia 5 ni gramu 19 hivi. Boksi moja limeshapita, na chai ya asubuhi hatujaihesabu.

"Ndiyo maana mimi nakamua mwenyewe, sukari siweki." Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Mwongozo huohuo unaihesabu sukari ya juisi ya matunda, hata ile halisi isiyoongezwa kitu, kundi moja na sukari ya kwenye kopo lako jikoni. Kwenye chungwa zima sukari imefungwa ndani ya nyama ya tunda pamoja na nyuzinyuzi, lazima meno na tumbo vifanye kazi. Ukikamua na kuchuja, umetupa breki ukabaki na mwendo. Halafu glasi moja inakula machungwa matatu, manne. Mpe mtoto machungwa manne ayale mwenyewe, uone kama la tatu atalimaliza. Glasi anaigugumia akiwa amesimama mlangoni, anarudi mpirani, na saa saba wali maharage unamshinda. Mtoto haumwi. Ameshiba.

Kuna mbishi wa Tanga ataniuliza: sisi chungwa tunalimenya, tunalikata juu, tunanyonya, makapi tunatupa, si juisi hiyo? Swali zuri, na linanisumbua kidogo, maana ni kweli nyuzinyuzi nyingi zinaishia jalalani. Lakini hilo ni chungwa moja, na kulinyonya hadi likauke kunachukua muda. Akimaliza, alipasue ale na zile nyama za ndani. Kuhusu tunda la kusagwa kwenye blenda bila kuchujwa, sisi watu wa lishe wenyewe hatuelewani: kuna wanaolihesabu kama juisi, kuna wanaolihesabu kama tunda. Mimi naruhusu kikombe kidogo pamoja na chakula, bila sukari na bila yale maziwa mazito ya kopo.

Meno nayo. Tatizo si kiasi peke yake, ni kurudiarudia. Chupa ya juisi ikizunguka na mtoto tangu asubuhi, kila funda linawapa bakteria wa mdomoni sukari ya kutengenezea asidi, na mate hayapati nafasi ya kuipoza. Mwenye kiu apewe maji.

"Sasa nimpe nini?" Vitu mnavyovijua, saa nne na saa kumi, na ukiacha chakula cha saa saba, katikati hapo jiko limefungwa. Kiazi kitamu cha kuchemsha, na kile cha rangi ya chungwa kikipatikana ndicho bora, kina vitamini A. Mhogo, yai, mtindi usio na sukari, hindi la kuchoma, ndizi, papai, na machungwa ya Muheza ambayo msimu huu yamejaa sokoni. Ubuyu mweupe wa kumung'unya ni safi kabisa. Ule mwekundu wa sukari ni pipi yenye mbegu. Na andazi nani kaliharamisha? Andazi moja na chungwa ni afadhali mara nyingi kuliko boksi na krispi za kwa Mangi.

Karanga sawa, ila zichambue kwa mkono. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa, kwa sababu kukaanga hakumalizi sumukuvu, ile sumu inayotoka kwenye ukungu. Wa chini ya miaka mitano usimpe nzima, zinakaba. Saga.

Ile dawa ya hamu ya kula? Baadhi ya hizo mnazoulizia madukani ni dawa za mzio. Hamu inakuja kama athari ya pembeni, pamoja na usingizi. Kwanza ondoa juisi na vya dukani wiki nzima, halafu tazama sahani ya saa saba. Akiendelea kukataa chakula, au nguo zikaanza kumpwaya, mlete tumpime uzito na urefu. Na kadi yake ya kliniki usiiache nyumbani.