Namba iliyo kwenye chupa haisemi alumini imekaa wapi

Mwanafunzi akiniletea zeoliti yake, unga wa fuwele zenye vitundu vidogo mno, jambo la kwanza kunitajia ni uwiano wa silikoni kwa alumini: "Si/Al ni 15." Namba hiyo naipenda, hesabu yake ni nyepesi: kila gramu ina karibu milimoli moja ya alumini. Akiongeza tu, "kwa hiyo nina milimoli moja ya asidi," hapo namsimamisha.

Kosa lake lina chanzo cha heshima. Kiunzi cha zeoliti ni silikoni zilizoshikwa na oksijeni nne nne, na kila oksijeni huunganisha majirani wawili. Ukipachika alumini yenye chaji +3 mahali pa silikoni yenye +4, chaji moja hasi inabaki haina mwenzake, na lazima kitu chanya kije kuituliza. Protoni ikija na kukaa juu ya oksijeni iliyo kati ya silikoni na alumini, umepata asidi ya Brønsted, yaani asidi inayotoa protoni. Mwaka 1984 Haag, Lago na Weisz walionyesha katika jarida la Nature kwamba kasi ya ZSM-5, aina moja ya zeoliti, kuvunja molekuli za heksani hupanda kwa mstari ulionyooka kadiri alumini inavyoongezeka. Tangu hapo wengi tumezoea kuhesabu alumini tukidhani tunahesabu asidi.

Lakini alumini haitulii mahali pamoja. Mimi nilifundishwa hilo na sampuli niliyoiharibu kwa mkono wangu. Ilikuwa ZSM-5 yenye amoniamu, nami nilitaka kuichoma ili amonia itoke, protoni ibaki. Niliimwaga yote kwenye bakuli moja la kauri, tabaka nene, nikapandisha tanuru haraka hadi nyuzi 550. Maji yaliyokuwa ndani ya unga hayakupata pa kupitia upesi, yakawa mvuke humo humo. Katika joto hilo mvuke hukata vifungo vya alumini na oksijeni kimoja baada ya kingine, mpaka alumini ing'oke na kuacha shimo lenye silanoli (silikoni yenye OH) nne zinazotazamana. Kwa mionzi ya eksi fuwele zilionekana salama kabisa. Kwa infraredi, ambapo kila kifungo hufyonza mwanga kwa namba yake, mstari wa 3610 cm⁻¹, ambao ndio sauti ya ile protoni, ulikuwa umenywea, na pembeni yake, karibu na 3660, limeota bega la alumini iliyo nje ya kiunzi. Alumini yote ilikuwamo kwenye bakuli. Haikupotea hata chembe. Siku hizi naitandaza sampuli nyembamba, napitisha hewa kavu, na joto nalipandisha polepole.

Alumini iliyong'oka hubaki vitunduni, pengine kama ayoni ndogo, pengine kama vifundo vya oksidi. Sehemu yake huwa asidi ya Lewis, ambayo haina protoni ya kutoa bali ina njaa ya jozi ya elektroni. Kuzitenganisha asidi hizi mbili tunatumia piridini, molekuli ya besi inayonasa kwenye zote mbili: ikipewa protoni hutoa mstari karibu na 1545 cm⁻¹, ikishikwa na Lewis karibu na 1455. Usilinganishe ukubwa wa mistari hiyo kwa macho. Kwa vigezo vya Emeis vya mwaka 1993, vya kugeuza eneo la mstari kuwa idadi ya asidi, 1.67 kwa Brønsted na 2.22 kwa Lewis, maeneo mawili yaliyo sawa yana maana kwamba Lewis ni chache kuliko Brønsted.

Kisha kuna NMR ya alumini, kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomi imezungukwa na nini, na hapa ndipo naona watu wanateleza zaidi. Kilele cha karibu 55 ppm ni alumini yenye oksijeni nne, cha karibu 0 ni yenye sita. Wengi husoma "sita" wakaandika "imetoka kwenye kiunzi". Si lazima. Zeoliti beta, aina nyingine, yenye protoni, ikishalowa maji, huonyesha alumini yenye oksijeni sita. Ipe amonia, sehemu kubwa yake inarudi kwenye nne. Alumini iliyong'oka kabisa isingerudi kirahisi hivyo. Hii ilikuwa bado imeshikwa na kiunzi, imelegea tu upande mmoja na kukaribisha maji. Tena kumbuka kwamba NMR kwa kawaida tunapima unga uliolowa, kwa sababu ukiwa mkavu mistari hupanuka mno hadi alumini nyingine isionekane, ilhali infraredi tunapima uliokaushwa. Vipimo viwili, hali mbili tofauti za sampuli ile ile. Vikigombana, usikimbilie kusema kimoja kimekosea.

Wala mvuke si adui siku zote. Zeoliti Y ya mitambo ya kuvunja mafuta mazito hupitishwa kwenye mvuke kwa makusudi ili kiunzi kivumilie joto. Asidi za Brønsted hupungua, lakini zinazobaki huweza kufanya kazi zaidi, kila moja kwa nafasi yake. Kuna wanaosema alumini ya nje huvuta elektroni na kuipa protoni ukali. Wengine wanasema inabana nafasi ndani ya kitundu, na molekuli inakumbatiwa vizuri zaidi na kuta. Mimi naegemea upande wa pili, kwa kuwa katika zeoliti zenye vitundu vya upana tofauti nimezoea kuona kasi ikibadilika hata pale vipimo vya ukali wa asidi vinapokaribiana.