Nyuki wakigawanyika hawafuati ukoo

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji nyuki, Masasi hadi Liwale: eti kundi likigawanyika, kila nyuki hufuata ndugu zake wa baba mmoja. Si kweli.

Malkia hupandwa na madume wengi, mara nyingi zaidi ya 10, hivyo nyuki vibarua (wafanyakazi) wa mzinga mmoja ni watoto wa mama mmoja na baba mbalimbali. Mzinga ukijaa, malkia mzee huondoka na vibarua wengi, kwa kawaida zaidi ya nusu. Wanaobaki humtunza malkia mpya. Vinasaba vya pande zote mbili vimeshapimwa, na watoto wa baba tofauti walikutwa wamechanganyika huku na huku. Umri ndio wenye uzito: wengi wanaoondoka ni vijana.

Mkanganyiko unaeleweka. Walinzi wa mlangoni kweli humtambua mgeni, lakini kwa harufu ya mzinga, ambayo wakazi wote huichangia. Wafugaji wenyewe wanaweza kulithibitisha hili: makundi mawili yasiyo na undugu, yakiunganishwa taratibu hadi harufu zichanganyike, hukaa pamoja.

Anayedai aliona koo zikijitenga kwenye kundi lililoning'inia mkoroshoni, muulize kwa upole alizitambuaje. Baba wa nyuki haonekani kwa macho; kumjua kunahitaji kipimo cha vinasaba. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, na umweleze aliyekutumia.