Manispaa kufutwa si kijiji kufa
Wengi wakisoma kwamba Chandolin, huko Uswisi, ni “manispaa ya zamani”, hudhani kijiji kimehamwa. Sivyo, na kukiita gofu ni kuwaonea watu wake. Tarehe 1 Januari 2009 Chandolin iliungana na Ayer, Grimentz, Saint-Jean, Saint-Luc na Vissoie kuwa manispaa moja, Anniviers, katika jimbo la Valais. Kilichobadilika ni utawala. Kijiji kipo palepale mlimani, zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wanaozungumza Kifaransa huishi humo hata majira ya baridi. Ni wachache kweli, takriban mia moja. Ila hesabu ya wakazi haiwagusi wenye nyumba za likizo, wanaopanda huko msimu wa kuteleza kwenye theluji.