Mkao wa Mwili Unavyobadilisha Picha ya Pingili Iliyoteleza

Mgonjwa ambaye kiuno humuuma anaposimama au kutembea, na maumivu yakatulia mara anapojilaza, mara nyingi hupigwa picha akiwa katika mkao uleule unaomtuliza, na hapo tatizo, yaani pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) iliyoteleza, linaweza kupotea machoni pa daktari.

Uzito wa kiwiliwili hukandamiza pingili za kiuno mtu anaposimama, na kwa kuwa pingili za chini zimeinamia mbele, sehemu ya uzito huo huzisukuma upande huo. Iwapo viungo vidogo vya nyuma vinavyounganisha pingili vimechakaa, jambo linalotokea zaidi kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno kwa watu wa umri mkubwa, pingili ya juu huteleza mbele. Akilala chali, msukumo hupungua na pingili inaweza kurudi karibu na mahali pake. Ndiyo maana kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku), ambacho kwa kawaida hufanywa mgonjwa akiwa amelala, huonyesha vizuri neva zilizobanwa na bado kikaficha mtelezo; maji mengi ndani ya viungo vya nyuma huwa dokezo la kumfanya daktari aagize eksirei inayopigwa kutoka ubavuni, mgonjwa akiwa amesimama.

Kiasi cha mtelezo hupimwa kwa kulinganisha kingo za nyuma za pingili mbili: ukiwa chini ya asilimia 25 ya upana wa pingili ya chini, kutoka mbele hadi nyuma, huitwa daraja la kwanza. Kipimo hicho kinadai mwili usizungushwe, kwa sababu kiwiliwili kikizunguka hata kidogo kingo huonekana maradufu na mtelezo wa uongo hujitokeza.

Zipo pia picha za kuinama mbele na kujipinda nyuma, ambapo tofauti ya mtelezo ya zaidi ya milimita 3 au 4 kati ya picha hizo mbili huchukuliwa na madaktari wengi kuwa ishara ya uti wa mgongo usio imara. Kwa maoni yangu picha hizi hutegemewa kupita kiasi: mwenye maumivu huinama nusu tu, misuli yake ikiwa imekaza, na pingili inayocheza huonekana imetulia. Kuilinganisha picha ya kusimama na ya kulala mara nyingi hufichua zaidi, bila kumtesa mgonjwa.

Katika ufuatiliaji, picha mpya ilinganishwe na ya zamani iliyopigwa kwa mkao uleule, na mkao huo uandikwe kwenye picha yenyewe.