Pensheni ya Ugenini, Ufukwe wa Wenyeji: Miji ya Wastaafu Karibi Inaelekea Wapi?

Jua lipo hata Florida, kwa hiyo si jua lililompeleka mstaafu wa Kimarekani San Pedro, mji mdogo wa kisiwani nchini Belize. Kilichompeleka ni hesabu. Pensheni yake inaingia kila mwezi kwa dola ya Marekani, na dola hiyo imekuwa sawa na dola mbili za Belize tangu 1978, haipandi wala haishuki. Ofisini anasikilizwa kwa Kiingereza, kiwanja kinaandikishwa kwa jina lake mwenyewe, na mwamba wa matumbawe uko mbele ya baraza yake. Sisi tunaofundisha mipango ya miji ya pwani huulizwa mara kwa mara kama miji ya namna hii ina maisha marefu. Wanaouliza ni pamoja na watu wenye viwanja Diani, Kilifi na Paje, ambako wapo wazee wa Kizungu wanaopanga nyumba kwa miaka badala ya wiki.

Belize iliiandika hesabu hiyo katika sheria mwaka 1999. Mgeni anayethibitisha kwamba anaingiziwa angalau dola 2,000 za Marekani kwa mwezi kutoka nje ya nchi anaruhusiwa kuishi, na anaingiza vyombo vya nyumbani, gari na hata boti bila ushuru wa forodha, mradi asigombee ajira na wenyeji. Mpango huo unasimamiwa na Bodi ya Utalii, jambo linaloonyesha kwamba tangu mwanzo serikali ilimhesabu mstaafu kama mtalii aliyechelewa kuondoka. Jamhuri ya Dominika inadai pensheni ya dola 1,500 kwa mwezi. Panama inadai 1,000. Kwa kulinganisha, kibali cha daraja la K nchini Kenya kinadai kipato cha dola 24,000 kwa mwaka, ambacho ukikigawa kwa miezi 12 unarudi pale pale pa Belize.

Panama, kwa maoni yangu, ndiyo iliyofikiri vizuri zaidi. Sheria yake namba 6 ya mwaka 1987 inawapa wazee punguzo la bei kwenye tiketi za ndege, migahawa, dawa na mengineyo, na punguzo hilo ni la raia pia: mwanamke kuanzia miaka 55, mwanamume kuanzia 60. Mzee wa Bocas del Toro, visiwani Panama, anayemwona Mmarekani akilipiwa bei ndogo mgahawani hana sababu ya kununa, maana na yeye anaipata.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Mei 2025, wastani wa pensheni ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa Marekani kwa mstaafu mmoja ulipita dola 2,000 kwa mwezi kwa mara ya kwanza. Maana yake mstaafu wa kawaida, asiye na akiba nyingine, amelifikia sharti la Belize kwa kunyanyua vidole vya miguu tu. Na wasimamizi wa mfuko huo, katika ripoti yao ya 2025, wamesema akiba ya fungu la wastaafu itakauka mwaka 2033 Bunge lao lisipochukua hatua, na makato yanayoendelea kukusanywa yatatosha kulipa asilimia 77 tu ya stahili. Watanzania waliobishana kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya pensheni, wataelewa haraka uzito wa jambo hili. Tofauti ni kwamba kura itapigwa Washington, na muuza samaki wa San Pedro hana mbunge huko.

Sidhani kama wabunge wa Marekani watathubutu kuwakata wazee pensheni mchana kweupe. Lakini mji ambao kodi zake za pango, mafundi wake na wafanyakazi wake wa ndani wanategemea malipo yanayoamuliwa na nchi nyingine unapaswa kujua tarehe hiyo, kama mkulima anavyojua mwezi wa mvua.

Halafu kuna hospitali. Bima ya afya ya serikali kwa wazee wa Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi. Mtu wa miaka 66 anayeogelea kila asubuhi halioni hilo kuwa tatizo. Akifika 78, moyo ukianza kusumbua, anaanza kupima umbali kwa jicho lingine. Wastaafu wa Corozal, kaskazini mwa Belize, wana bahati ya kuwa karibu na mpaka: wanavuka hadi Chetumal, Meksiko, kwa daktari wa kulipia na kurudi na manunuzi ya wiki. Wa visiwani wanategemea ndege ndogo au boti. Ndiyo maana wengi hawazeekei ufukweni hadi mwisho. Wanauza nyumba na kurudi kwao, na swali la nani ananunua nyumba hiyo ndilo linalobadilisha mji.

Zamani alinunua mstaafu mwingine. Leo ananunua mtu atakayeipangisha kwa usiku kupitia programu ya simu. Utalii na ustaafu vilianza kama ndugu: mtu alikuja likizo, akapapenda, akarudi kuishi. Sasa vinagombania kiwanja kimoja. Pwani ya jimbo la Quintana Roo nchini Meksiko ndiyo darasa lenyewe. Cancún ulikuwa mradi wa serikali, hoteli za kwanza zikafunguliwa 1974. Playa del Carmen, kusini yake, ilikuwa kijiji cha wavuvi na gati ya kuvukia kwenda kisiwa cha Cozumel. Tulum ilipata uwanja wake wa ndege wa kimataifa Desemba 2023, na mwezi huohuo sehemu ya kwanza ya Treni ya Maya ikaanza kazi. Kila kilomita ya reli na kila safari mpya ya ndege inapandisha thamani ya kulala usiku mmoja, na nyumba inayolipa kwa usiku haitapangishwa kwa mzee anayeomba punguzo la mwaka mzima. Visiwani nako, Barbados ilianzisha kibali cha mwaka mmoja mwaka 2020 kwa wanaofanya kazi kwa mtandao, kwa sharti la kipato cha dola 50,000 kwa mwaka. Mstaafu wa dola 2,000 kwa mwezi amepata mshindani mwenye zaidi ya mara mbili ya pesa zake.

Kuhusu ardhi nitasema kidogo. Meksiko haimruhusu mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka baharini; benki inaishika hati kwa niaba yake katika amana ya miaka 50 inayoweza kuhuishwa. Kenya, kwa Katiba ya 2010, inampa mgeni upangaji usiozidi miaka 99. Belize inamuuzia kabisa. Ukiniuliza, kipengele hiki kinapewa uzito kuliko kinavyostahili: Playa del Carmen imebadilika kupindukia licha ya amana, kwa sababu aliyepandisha bei si lazima awe mwenye hati.

Kinachostahili uzito ni maji. Rasi ya Yucatán, iliko Quintana Roo, ni mwamba wa chokaa uliotoboka kila mahali. Karibu haina mito juu ya ardhi. Mito yake iko chini, ndani ya mapango, na mfumo mmoja wa mapango ya maji karibu na Tulum, Sac Actun, ulipimwa mwaka 2018 na kukutwa na urefu wa takriban kilomita 347. Choo cha shimo kikichimbwa juu ya mwamba wa namna hiyo, majitaka hayachujwi na udongo. Yanashuka, yanakutana na mto wa chini, na yanatokea baharini penye matumbawe. Anayeijua pwani ya mashariki ya Unguja, nayo ikiwa juu ya mawe ya matumbawe, anajua ninachokisema. Hoteli kubwa unaweza kuilazimisha kujenga mtambo wa kusafisha majitaka. Nyumba elfu za wastaafu na wapangishaji, kila moja na shimo lake, ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu mkaguzi hawezi kugonga kila mlango.

Na matumbawe hayo ndiyo ukuta wa mji. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika ufukweni. Quintana Roo ililichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi cha kuukatia mwamba bima. Kimbunga Delta kilipopiga Oktoba 2020 karibu na Puerto Morelos, bima ililipa, na vikosi vya wazamiaji waliofunzwa vikaingia majini kuokota vipande vya matumbawe vilivyovunjika na kuvipachika upya. Kazi hiyo haingoji, maana kipande kilichoangukia mchangani kinaviringishwa na mawimbi hadi kinakufa. Belize nayo mwaka 2021 ilibadilisha sehemu ya deni lake la nje kwa ahadi ya kulinda asilimia 30 ya bahari yake kufikia 2026.

Nyumba za watu binafsi ni habari nyingine. Mstaafu aliyenunua kwa pesa taslimu hana benki inayomlazimisha kukata bima, na ada ikipanda baada ya kimbunga, wapo wanaoamua kukaa bila bima. Oktoba 28, 2025, Kimbunga Melissa kilitua kusini magharibi mwa Jamaika kikiwa cha daraja la tano. Serikali ililipwa dola milioni 150 za hati fungani ya majanga iliyokuwa imejiwekea, yaani pesa za wawekezaji ambazo serikali hupewa kimbunga kikubwa kikipiga. Mwenye nyumba asiye na bima hana hati fungani.

Kuna pia mwani. Zanzibar mwani ni shamba la akina mama; Karibi tangu 2011 umekuwa janga. Mwani wa kahawia unaoelea, sargasamu, unakuja kwa mamilioni ya tani kutoka katikati ya Atlantiki. Playa del Carmen vibarua wanaanza alfajiri kwa reki na matoroli kabla wageni hawajaamka. Usipozolewa unaoza na kutoa gesi ya mayai viza, inayochoma macho na kuharibu viyoyozi na vifaa vya umeme.

Ukiyaweka haya yote pamoja, mstaafu wa miaka kumi ijayo Karibi hatakuwa mhamiaji. Atakuwa mpangaji wa msimu. Vimbunga vina kalenda, Juni hadi Novemba. Medicare ipo kwao. Bima ya nyumba hataitaka. Atakuja Desemba, ataondoka Machi. Kwa mmiliki wa nyumba hilo si baya sana. Kwa mhudumu, fundi bomba na dereva wa boti ni mshahara wa miezi minne utakaoliwa miezi 12. Na mwani mwingi hufika kati ya Aprili na Agosti, kwa hiyo bili ya kuuzoa itaikuta halmashauri wakati walipaji wake wamekwisha kupanda ndege.