Insulini na usukani wa ndege: dhana na ukweli

Dhana: Rubani mwenye kisukari akianza kujichoma insulini, dawa inayoshusha sukari ya damu, kazi yake imekwisha.
Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali, kwa hiyo si ajabu kwamba wengi bado wanaamini hivyo. Kanada ilitangulia kulegeza masharti, Uingereza ikaanza kutoa vyeti vya afya vya daraja la kwanza, vile vinavyohitajika kurusha ndege za abiria, mwaka 2012, na Marekani, ambayo tangu 1996 ilikuwa ikiwaruhusu marubani wa binafsi tu, ikawafungulia mlango wa ndege za abiria mwishoni mwa 2019. Kila mmoja huchunguzwa peke yake: mwenendo wa sukari yake, macho, moyo na figo.

Dhana: Anaweza kuzimia angani bila mtu kujua.
Hofu hii nisingependa ipuuzwe. Sukari ikishuka mno, maamuzi huvurugika kabla mhusika hajajitambua, na aliyeishi na kisukari kwa muda mrefu huenda asipate tena jasho wala mtetemeko unaowaonya wengine. Ndiyo maana utaratibu wa Uingereza hautegemei anavyojisikia: rubani hupima kabla ya kuruka, kila saa akiwa angani, na tena ndani ya dakika 30 kabla ya kutua. Anajitoboa kidole, tone la damu linagusishwa kwenye kijiti cha kipimo, na namba inayotokea huthibitishwa na rubani mwenzake. Milimoli 5 hadi 15 za sukari kwa lita ya damu ni kijani, yaani salama kuendelea. Ikiwa kati ya 4.0 na 4.9, anakula gramu 10 hadi 15 za wanga na kupima tena. Ikiwa chini ya 4, anamkabidhi mwenzake ndege papo hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia marubani 49 na vipimo 38,621: asilimia 97.69 vilikuwa kijani, asilimia 0.12 tu vilishuka chini ya 4, na hakuna rubani aliyeshindwa kufanya kazi akiwa angani.

Dhana: Basi ni heri kupaa na sukari ya juu.
Sukari ya juu huleta kiu, uchovu na ukungu machoni. Ikizidi 20, ndege hukabidhiwa vilevile.

Dhana: Pampu ya insulini, kifaa kinachovaliwa ili kuingiza dawa mwilini kidogo kidogo, haijui kama iko angani au ardhini.
Ndege inapopaa, shinikizo la hewa hupungua, vipovu vilivyomo kwenye insulini hutanuka na kusukuma dawa kidogo ya ziada mwilini. Kiasi si kikubwa, lakini kwa mtu ambaye mwili wake huitikia upesi kinatosha kushusha sukari. Nayo insulini ya akiba isiwekwe kwenye shehena ya mizigo, kwa sababu inaweza kuganda, na ikishaganda hairudishi nguvu zake hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama mwanzo.